Protini zinazofanana hutambuanaje ndani ya seli bila kuchanganyana?

Mwalimu wa Shangani (Mtwara)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita hapa Mtwara mjini, na ninaomba msaada wa wale waliobobea katika biokemia. Tunapofika kwenye mada ya mawasiliano ya seli, maelezo yaliyozoeleka ni yale ya Emil Fischer ya mwaka 1894, kwamba kimeng'enya na kile kinachoshikana nacho hukaa kama kufuli na ufunguo wake. Kwa homoni na kipokezi chake, maelezo hayo huwatosha wanafunzi kwa siku ya kwanza. Ugumu huanza tunapoingia ndani ya seli, kwa sababu huko protini nyingi zimeundwa kwa vipande vya ukoo mmoja. Chukueni domeni ya SH2, ambayo ni kipande cha takriban asidi amino 100. Binadamu ana domeni za aina hiyo zipatazo 120, zilizotawanyika katika protini takriban 110, na karibu zote hutafuta kitu kilekile, yaani asidi amino ya tirosini iliyobandikwa fosfati.

Mwanafunzi mmoja aliuliza hivi: ikiwa kufuli zote hizo hufunguliwa na ufunguo mmoja, kwa nini ishara ya insulini haiishii kuamsha kazi za ishara nyingine zote? Nilimweleza kwamba maumbo yanatofautiana kidogo, naye akauliza ni kidogo kiasi gani, na hicho kidogo kinatoshaje. Naliona swali hili kuwa la maana sana, na ningependa lipate jibu lenye mifano halisi, lisiishie kwenye neno "umbo". Natanguliza shukrani.

Biokemia_Mikindani

Shikamoo Mwalimu. Mwanafunzi wako amegusa penyewe. Jibu lake linaanzia kwenye kuitazama domeni ya SH2 kwa karibu, kwa hiyo naomba uvumilivu wako.

Domeni hii, iliyotambuliwa na Tony Pawson na wenzake nchini Kanada mwaka 1986, ina mahali pawili pa kushikia. Pa kwanza ni kishimo kirefu ambacho chini yake kuna arginini, asidi amino yenye chaji chanya. Fosfati iliyo kwenye tirosini ina chaji hasi, nayo huzama humo na kushikwa na arginini hiyo. Kishimo hiki kinafanana sana katika domeni zote za SH2, na peke yake huchangia karibu nusu ya nishati ya kushikana. Ndiyo maana domeni hizi haziitambui tirosini ambayo haijabandikwa fosfati. Hata serini yenye fosfati haifai, kwa kuwa mnyororo wake wa pembeni ni mfupi na fosfati yake haifiki chini ya kishimo.

Kishimo hicho, basi, hujibu swali la kwanza tu, kama fosfati ipo au haipo. Swali la pili, kwamba tirosini hii ni ya protini ipi, hujibiwa na mahali pa pili pa kushikia, ambapo husoma asidi amino chache zinazofuata mara baada ya tirosini. Domeni ya SH2 ya protini iitwayo Src ina kishimo cha pili kinachokimbia maji, nacho hupokea isolusini iliyo katika nafasi ya tatu baada ya tirosini. Domeni ya SH2 ya protini nyingine, Grb2, haina nafasi hiyo. Pale pana triptofani, ambayo ndiyo kubwa kuliko asidi amino zote za kawaida, nayo imeziba njia, hivyo mnyororo unaoingia hulazimika kukunja kona, na kona hiyo hukaa vizuri pale ambapo nafasi ya pili baada ya tirosini ina asparajini. Mapendeleo ya namna hii yalionyeshwa kwa upana mwaka 1993 na kundi la Lewis Cantley, ambalo lilizipa domeni mbalimbali mchanganyiko mkubwa wa vipande vifupi vya protini na kuchunguza kila domeni ilichagua vipi.

Mwaka uliofuata ulitoka ushahidi ambao mimi binafsi nauthamini kuliko wote. Katika domeni ya SH2 ya Src, treonini moja iliondolewa na mahali pake ikawekwa triptofani, na domeni hiyo ikaanza kuchagua kama Grb2. Ni asidi amino moja tu kati ya takriban 100. Huko ndiko "kidogo kiasi gani" anakokuulizia mwanafunzi wako.

Matokeo yake yanaonekana vizuri kwenye kipokezi cha PDGF, kichocheo cha ukuaji ambacho hutolewa, miongoni mwa seli nyingine, na chembe sahani za damu. Kipokezi hicho kina tirosini nyingi upande wa ndani wa utando wa seli. Tirosini namba 740 na 751, ambazo kila moja ina methionini katika nafasi ya tatu baada yake, hushikwa na kimeng'enya PI3K. Tirosini namba 1021, inayofuatwa na isolusini mbili na kisha prolini, hushikwa na kimeng'enya PLC-gama. Zote ziko kwenye kipokezi kimoja na zote zina fosfati ya aina moja, lakini vinavyokuja kushikana nazo ni tofauti, na ishara zinazotokea pia ni tofauti.

Kuhusu "kinatoshaje": katika joto la mwili, tofauti ya nishati ya takriban kilojuli 6 kwa moli hubadilisha nguvu ya kushikana mara 10. Hiyo si nishati kubwa. Bondi moja ya haidrojeni iliyokosa mwenza, au chaji iliyofukiwa mahali pasipo na chaji ya kuituliza, inaweza kuleta tofauti hiyo na kuipita. Domeni inapokutana na tirosini isiyo yake hushika vilevile, ila hukosa migusano miwili mitatu, na kwa hiyo huachia mapema.

MaabaraLindi

Wanajukwaa, nami nichangie kutoka upande wa maabara ya hospitali, kwa kuwa nadhani jambo hili linaweza kuonyeshwa pia kwa homoni ambazo wanafunzi wamekwisha kuzisikia.

Homoni ya ujauzito, hCG, ambayo hutafutwa na kipimo cha mkojo, ina minyororo miwili, alfa na beta. Mnyororo wa alfa wa asidi amino 92 ni uleule katika homoni nne: hCG yenyewe, LH na FSH zinazosimamia uzazi, na TSH inayoamrisha tezi ya thairoidi. Kinachozitofautisha ni beta. Kwa sababu hiyo, kipimo cha ujauzito hakina budi kuwa na angalau kingamwili moja inayolenga beta ya hCG. Kingamwili zote zingekuwa za kushika alfa, kipimo kingeweza kutoa mstari hata kwa mtu asiye na ujauzito, kwa kuwa alfa ipo siku zote kwenye homoni nyingine tatu.

Sehemu ya kuzingatia inafuata. hCG na LH hutumia kipokezi kimoja, na mwili hauchanganyikiwi, kwa sababu LH hutoka kwenye tezi ya pituitari na hCG kwenye kondo la uzazi, kila moja kwa wakati wake. Kipokezi cha TSH nacho huishika hCG, lakini kwa udhaifu mkubwa. Katika ujauzito wa kawaida udhaifu huo huonekana kwa mbali tu: kuelekea mwisho wa miezi mitatu ya kwanza, hCG inapofika kileleni, TSH ya mama hushuka kidogo, kwa sababu tezi ya thairoidi inapata msukumo wa ziada kutoka kwa hCG. Katika mimba zabibu, yaani mimba ambayo tishu za kondo hukua isivyo kawaida na hCG huweza kupanda kupita kiasi, baadhi ya wagonjwa hupata dalili kamili za thairoidi iliyozidi, yaani moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na jasho jingi, ilhali tezi yenyewe haina ugonjwa wowote. Mimba hiyo ikisafishwa na hCG ikishuka, thairoidi hurudi mahali pake. Mtaalamu akiletewa majibu ya thairoidi ya mama wa namna hiyo bila maelezo mengine anaweza kuanza kuitibu tezi isiyo na kosa.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba homoni fulani ni ya kipokezi fulani, mimi huuliza kwanza ni kwa ukolezi upi.

Mwalimu wa Shangani (Mtwara)

Marahaba Biokemia_Mikindani, na ahsante sana MaabaraLindi. Mfano wa mimba zabibu umenifungua macho, kwa kuwa unaonyesha kipokezi kilekile kikitenda haki katika hali moja na kukosea katika nyingine bila chenyewe kubadilika hata atomu.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, je, kuna hesabu nyepesi ya kuonyesha uhusiano huo wa ukolezi ubaoni? La pili, ikiwa kushikana kwa udhaifu ndiko kunakoruhusu makosa, kwa nini seli haikuziimarisha bondi hizo ili kila protini imshike mwenzake kwa nguvu zote?

Biokemia_Mikindani

Hesabu ipo, Mwalimu, na ni ya mstari mmoja. Sehemu ya walengwa walioshikwa ni sawa na ukolezi wa protini iliyo huru, ukigawanywa kwa jumla ya ukolezi huo na kiwango ambacho nusu ya walengwa huwa wameshikwa. Tuseme domeni moja ina tirosini yake halali, A, ambayo kiwango chake ni mikromola 0.1 (mikromola ni kipimo cha ukolezi), na tirosini isiyo yake, B, ambayo kiwango chake ni mikromola 10. Nguvu zao zinatofautiana mara 100. Domeni ikiwa kwenye ukolezi wa mikromola 0.1, itazishika A kwa asilimia 50 na B kwa asilimia 1 hivi. Sasa ongeza ukolezi wa domeni hadi mikromola 10. A zitashikwa kwa asilimia 99, na B kwa asilimia 50. Ile tofauti ya mara 100 ya nguvu bado ipo palepale, lakini kwa upande wa seli umahususi, yaani uwezo wa kuchagua, umepotea. Ndicho alichokisema MaabaraLindi kuhusu hCG. Pia ndiyo sababu mojawapo ya seli za saratani zenye protini fulani kupita kiasi kuanza kupokea ishara ambazo hazikuwa zao.

Swali la pili lina jibu la majaribio. Kushikana kwa domeni za SH2 na tirosini zake mara nyingi kumo kati ya mikromola 0.1 na 10, yaani ni kwa wastani tu, na mtu angeweza kudhani kwamba ni kasoro. Mwaka 2012 watafiti nchini Kanada walitengeneza domeni ya SH2 yenye mabadiliko matatu kwenye kile kishimo cha fosfati, ikawa inashika tirosini zenye fosfati kwa nguvu kubwa kuliko ya asili. Ilipowekwa ndani ya seli, ilizuia ishara. Iliganda kwenye fosfati na kuwanyima nafasi wapokeaji halali, na seli za saratani zilizojaribiwa zikadhoofika katika ukuaji wake. Ishara inahitaji kuanza na inahitaji kukoma. Protini isiyoachia haiwezi kukomesha chochote. Tena, nguvu iliyoongezwa kwenye kishimo cha fosfati, ambacho ni cha wote, huongeza kushikana na kila tirosini bila kuongeza uwezo wa kuchagua.

BwanaShamba_Newala

Mimi ni mtu wa mimea, na huku kwetu kila msimu tunapambana na ubwiri unga kwenye mikorosho, kwa hiyo suala la mmea kumtambua adui linanigusa. Mimea nayo ina tatizo hilohilo la mshirika mmoja kutumikia ishara mbili. Katika mmea mdogo wa utafiti uitwao Arabidopsis, kipokezi FLS2 hutambua kipande cha asidi amino 22 kutoka kwenye mkia wa kuogelea wa bakteria, na kipokezi BRI1 hutambua homoni ya ukuaji ya brasinosteroidi. Vyote viwili humtegemea mshirika mmoja, BAK1, ili kupeleka ishara ndani. Miundo iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba kile kipande cha bakteria hugusana na FLS2 na BAK1 kwa pamoja, kikiwa katikati yao. BAK1 peke yake haiwezi kuamua chochote. Hujiunga pale tu ambapo uso mpya umetengenezwa na kipokezi pamoja na kile kilichoshikwa. Nadhani wanafunzi wa kusini wangelifurahia hilo, maana ni jambo la mashambani kwao.

Seli_na_Jeni (Nachingwea)

Nimesoma michango yote kwa makini, nami nakubaliana nayo, ila nina jambo moja la kupinga kwa heshima. Tumezungumza kana kwamba protini mbili zinakutana peke yao ndani ya kijaribio. Ndani ya seli hazikutani hivyo. Mwalimu akiishia kwenye vishimo na asidi amino, wanafunzi watadhani kwamba uso wa protini lazima uwe umekwepa makosa yote yanayowezekana duniani, na hilo si kweli.

Ushahidi mzuri unatoka kwenye hamira. Hamira ina domeni 27 za aina ya SH3, ambazo hutambua vipande vyenye prolini. Mwaka 2003 kundi la Wendell Lim huko San Francisco lilichukua kipande cha protini Pbs2 na kukijaribu kwa domeni zote 27. Ni moja tu iliyokishika, ile ya Sho1, mwenza wake halali. Kisha wakakijaribu kipande hichohicho kwa domeni za SH3 za viumbe wengine, ambao Pbs2 ya hamira haijawahi kukaa nao katika seli moja. Kadhaa kati ya hizo zilikishika. Maana yake ni kwamba mageuzi yaliikwepesha Pbs2 kutoka kwa wale 26 waliokuwa karibu nayo, na hayakuwa na sababu ya kuikwepesha kutoka kwa wageni. Umahususi wa protini hupimwa dhidi ya majirani zake halisi, na kwa hiyo protini zilizo katika tishu tofauti, au moja iliyo kwenye kiini cha seli na nyingine iliyo kwenye utando, zinaweza kufanana bila madhara.

Hamira hiyohiyo inatupa jambo la pili. Kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati) iitwayo Ste11 hutumika katika njia mbili, ile ya kujamiiana kwa seli na ile ya kukabili chumvi nyingi. Uso wake ni mmoja katika njia zote mbili. Kinachozitenganisha ni protini za kiunzi, ambazo huwakusanya washirika wa njia moja mahali pamoja: Ste5 kwa kujamiiana, na Pbs2 kwa chumvi, ambayo yenyewe ni kinasi na kiunzi kwa wakati mmoja. Kundi hilohilo liliunda kiunzi cha kuunganishwa, na seli zikawa zinapokea ishara ya kujamiiana lakini zinajibu kana kwamba zimewekwa kwenye chumvi. Hakuna kimeng'enya kilichofundishwa kumtambua mlengwa mpya. Waliobadilishwa ni wale waliokaa karibu tu.

La tatu ni muda, na hapa naomba Mwalimu asilipite haraka, kwa kuwa ndilo linaloonyesha jinsi tofauti ndogo inavyokuzwa. Mwaka 1974 John Hopfield alieleza namna mfumo wa kibiolojia unavyoweza kupunguza makosa kwa kuweka hatua kadhaa zinazotumia nishati kati ya kushika na kukamilisha kazi, na mwaka 1995 Timothy McKeithan akalipeleka wazo hilo kwenye kipokezi cha seli T za kinga. Kipokezi kikishika kitu, fosfati hubandikwa moja baada ya nyingine, na ishara hutoka baada ya hatua zote kukamilika. Kilichoshikwa kikiachia katikati, fosfati huondolewa na hesabu huanza upya. Tuseme kitu halali kina nafasi ya 0.9 ya kubaki hadi hatua inayofuata, na kitu kisicho halali kina nafasi ya 0.5. Katika hatua moja, tofauti yao haifiki hata mara 2. Baada ya hatua 5, halali kimebaki na 0.59 na kingine 0.03, ambayo ni tofauti ya takriban mara 19. Gharama yake ni nishati inayotumika kubandika fosfati ambazo nyingi huishia kuondolewa.

Mwalimu wa Shangani (Mtwara)

Nimeridhika kwa kiwango ambacho sikukitarajia, na nawashukuru nyote. Nimepanga kuanza somo kwa tirosini za kipokezi cha PDGF, kisha hesabu ya mikromola 0.1 na 10, kisha hatua tano za Seli_na_Jeni, ambazo wanafunzi wanaweza kuzikokotoa wenyewe. Ombi langu la mwisho ni la uhakiki. Je, nitakuwa sahihi nikiwaambia kwamba tirosini iliyobandikwa fosfati hubaki ikisubiri hadi domeni yake ifike?

Biokemia_Mikindani

Hapo rekebisha kidogo, Mwalimu. Ndani ya seli kuna vimeng'enya vya fosfatasi ambavyo huziondoa fosfati hizo wakati wote, na vina kasi kubwa, kwa hiyo tirosini nyingi hukaa na fosfati kwa muda mfupi tu. Domeni ya SH2 inapozama kwenye fosfati huifunika, na kwa muda huo fosfatasi haiwezi kuifikia. Domeni inayotosheana vizuri na mlengwa wake humlinda kwa muda mrefu zaidi, na isiyotosheana huachia na kuiacha fosfati wazi. Ukiwaeleza hivyo, wanafunzi wataona kwamba migusano ile ya asidi amino chache baada ya tirosini huchangia mambo mawili kwa pamoja, kwanza nani anashikwa, na pili fosfati hiyo itadumu kwa muda gani kabla ya kuondolewa.